Bunia: mifereji peke yake haitaokoa barabara, maji yazuiwe kwanza ndani ya parseli

Kila msimu wa mvua malalamiko mjini Bunia ni yale yale: barabara za mitaa zimechimbika, mifereji imejaa mchanga na chupa za plastiki, wanaoishi upande wa chini wanaamka na matope mlangoni. Lawama zinaelekezwa kwa wakubwa wa mji na wa jimbo, na kwa sehemu kubwa ni haki yao. Lakini maji yenyewe yanatoka wapi? Mengi yanatoka juu ya mabati yetu.

Tupige hesabu. Nyumba ya mita 8 kwa 10 ina paa la mita za mraba 80. Mvua ya milimita 30 inaangusha juu yake lita 2,400, yaani bidoni 120 za lita 20. Zidisha kwa nyumba zote za mtaa mmoja ulio kwenye mteremko.

Zamani sehemu ya maji hayo ilinywewa na nyasi na migomba ya nyuma ya nyumba. Leo nafasi hiyo imekwisha. Tangu 2015 Bunia ni makao makuu ya jimbo la Ituri, na mauaji ya Djugu tangu mwisho wa 2017 yameleta humu maelfu ya familia. Parseli zinakatwa mara mbili, mara tatu. Mwenye uwezo anamwaga simenti kutoka ukuta hadi ukuta, kisha anatoboa tundu chini ya ukuta ili maji yaende barabarani. Kwake kunabaki safi, na korongo linamfuata jirani wa chini.

Si jambo dogo. Mwaka 2025 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti wa wataalamu wa Kongo na Ubelgiji, waliohesabu makorongo 2,922 katika miji 26 ya nchi yetu. Wanakadiria kwamba kati ya 2004 na 2023 watu karibu 118,600 walipoteza makao kwa sababu yake. Barabara isiyo na mfereji mzuri, wanasema, ndiyo inayokusanya maji na kuyapa nguvu ya kuchimba.

Dawa ya nyumbani ipo, nayo ni rahisi: bustani ya mvua. Ni bonde dogo la sentimita 15 hadi 20 linalopokea maji ya paa na kuyaachia ardhi polepole. Liwe mbali na ukuta, mita 3 angalau, hasa kwa nyumba za matofali mabichi, na lisikaribie choo wala kisima. Kwanza chimba shimo dogo, lijaze maji. Yakiwa bado yamesimama kesho yake, tafuta mahali pengine. Na mbu? Yai la mbu linahitaji karibu wiki nzima kuwa mbu anayeruka, kwa hiyo maji yanayoisha kwa siku moja au mbili hayamlei.

Kuhusu mimea, tumezoea pasipalumu, iliyotoka Amerika ya Kusini, na mkalitusi wa Australia. Mkalitusi unatupa nguzo na makaa, siudharau, ila katika parseli ndogo unakausha udongo na chini yake hakuoti kitu cha maana. Matete ni ya kwetu: mizizi yake inashika udongo, majani yanalisha mbuzi. Drasena, ile ambayo wazee hupanda kuonyesha mpaka, inashika kwa kukata tawi tu. Mgomba asili yake ni Asia, lakini umekaa kwetu karne nyingi na hakuna anayekunywa maji kama huo.

Ugumu uko kwingine. Mpangaji hachimbi bonde katika parseli ya mtu, na familia iliyokimbia Djugu haijui kama itakuwa hapo mwaka ujao. Hapo ndipo kazi ya meya inapoonekana: anayeomba ruhusa ya kujenga aonyeshe sehemu ambayo haitafunikwa na simenti, na mwenye nyumba za kupangisha abanwe kabla ya mpangaji. Ofisi za serikali, shule na makanisa zianze, maana paa zao ni kubwa na viwanja wanavyo. Miezi ya kuchimba ni Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu. Machi mvua inarudi.