Dagaa wa mama na nauli ya vipande

Wadau, nimerudi chuo jana toka Musoma na hasira zangu. Nilikuwa nawahi mtihani, nikajikamua nipande ndege Mwanza. Pale kwenye mizani, shirika ambalo silitaji likaniambia begi la dagaa alionifungia mama linalipiwa kivyake. Pesa ya msosi wa wiki mbili ikayeyuka! Na huko juu hata maji unanunua.

Mtindo huu tuliuzoea kwa Fastjet, ilipoanza kuruka Dar–Mwanza Novemba 2012: nauli kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, begi unalipia. Nakiri, wengi walipanda ndege mara ya kwanza kwa sababu yake. Mwishoni mwa 2018 ikaacha kuruka, mtindo ukabaki.

Mtaniambia asiye na mzigo asimlipie mwenye nao. Sawa. Lakini nani anatoka Bunda au Butiama kwenda Dar mikono mitupu? Kwetu mzigo si anasa, ndo salamu za nyumbani. Tozeni basi, ila bei yote itajwe siku ya kukata tiketi, siyo mtu ameshafika kwenye mizani!

Naomba kuwasilisha.