"Gari limefeli breki": maneno matatu yanayofunga mjadala mapema

Gari likiacha njia kwenye mteremko, maelezo ya kwanza yanayofika studio huwa yanafanana: gari limefeli breki. Majeruhi wanatajwa, gari linavutwa, na mjadala unaishia hapo. Wengi wetu huyapokea maneno hayo kama tunavyopokea habari ya radi. Imepiga, basi, nani wa kuulizwa?

Breki si radi. Zipo zinazokatika ghafla, lakini mara nyingi zinapungua nguvu kwa siku au wiki kadhaa, na kila siku zinampa dereva habari kupitia mguu wake. Swali la maana baada ya ajali ni lini zilianza kuharibika, nani alijua, na kwa nini gari liliendelea kutembea.

Katika makala haya tunazungumzia magari ya juu: Prado, Land Cruiser, Rav4, X-Trail, Harrier na wenzao. Vijijini, gari la aina hii ni la familia, ni la mradi, ni la kubebea wagonjwa, na siku ya mnada linabeba abiria na mizigo kama daladala.

Kwa nini magari haya hasa

Kwanza ni uzito. Prado tupu ina uzito wa takriban tani mbili. Ongeza watu tisa, magunia ya mahindi na mizigo ya juu ya paa, kisha uliteremshe kutoka Lushoto kwenda Mombo, au kwenye mlima Kitonga au Sekenke. Uzito wote huo unasimamishwa na vipande vichache vya padi vinavyotosha kiganjani.

Pili ni mwendo. Ukitoka kilomita 40 kwa saa ukafika 80, mwendo umeongezeka mara mbili, lakini kazi ya breki imeongezeka mara nne. Ndiyo maana gari lililosimama vizuri sokoni linaweza kumshinda dereva huyo huyo mteremkoni.

Tatu ni imani. Tunaliamini gari hili kwa sababu linapita kwenye matope ambako magari mengine yanakwama. Lakini magurudumu manne yanayosukuma yanakusaidia kwenda. Hayakusaidii kusimama.

Malalamiko manne ya madereva

Ukikaa na madereva wa magari haya, utasikia malalamiko manne yanayojirudia. Kila moja lina chanzo chake.

La kwanza: "Pedali imekuwa ngumu kama jiwe." Dereva anakanyaga kwa nguvu zote, gari linapunguza mwendo kidogo tu. Hapa mshukiwa mkuu ni busta, lile dude la duara linalokaa upande wa injini mbele ya dereva. Wapo mafundi wanaoliita haidrovaki. Kazi yake ni kuongeza nguvu ya mguu wako kwa kutumia mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Likitoboka, au mpira wake wa hewa ukipasuka, unabaki na nguvu za mguu peke yake. Mara nyingi husikika mlio kama wa tairi linalovuja ukikanyaga pedali.

Baadhi ya Prado na Land Cruiser hazitumii mvuto wa injini. Zina pampu ndogo ya umeme inayohifadhi mgandamizo wa mafuta ya breki. Pampu hiyo ikichoka, taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi na mlio wa mfululizo unasikika. Kifaa hiki ni ghali, na hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Badala ya kutengeneza breki, mtu anatafuta namna ya kunyamazisha mlio. Gari lisilopiga kelele tena halijapona.

La pili: "Pedali inazama mpaka chini." Hii ni tofauti kabisa na ile ngumu. Hapa mafuta ya breki yanavuja, au hewa imeingia kwenye mabomba, au mipira ya ndani ya masta silinda imekwisha. Dereva anagundua kwamba akikanyaga mara mbili au tatu haraka pedali inapanda, naye anazoea kupampu. Mazoea hayo ndiyo hatari yenyewe. Siku mtoto akikatiza barabara hakuna muda wa kukanyaga mara tatu.

Kosa lingine ni kujazia chochote kilicho karibu: maji, maji ya sabuni, hata oili ya injini. Maji yanachemka mapema na yanatia kutu. Oili ya injini inavimbisha mipira ya breki, na baada ya muda mfumo wote unahitaji kubadilishwa. Chupa moja ya mafuta sahihi ingegharimu sehemu ndogo sana ya hasara hiyo.

La tatu: "Zilipotea mteremkoni, tulipofika chini zikarudi." Malalamiko haya ndiyo yanayowachanganya watu wengi, kwa sababu gari likifika gereji breki zinafanya kazi na fundi haoni kitu. Sababu ni joto. Dereva anayeshuka mlima mrefu huku mguu ukiwa juu ya breki muda wote anazichoma padi hadi zinapoteza mshiko. Mafuta ya breki nayo yanaweza kuchemka. Mafuta mapya ya DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi joto 205 za Selsiasi. Lakini mafuta hayo hunyonya unyevu kutoka hewani, na yakishanyonya maji ya asilimia nne hivi, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu nyuzi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga, pedali inaingia, gari linaendelea. Yakipoa, kila kitu kinaonekana sawa. Ndiyo maana inashauriwa kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili, hata kama hayajapungua.

La nne: "Gari linavuta upande." Inaweza kuwa padi moja imekwama au gurudumu moja lina mafuta. Lakini lipo jambo baya zaidi. Gurudumu moja linapovuja na spea haipo, wapo wanaokunja bomba la breki la gurudumu hilo na kuligonga kwa nyundo ili mafuta yasipite. Gari linatoka gereji likiwa na breki za magurudumu matatu. Kwenye barabara ya vumbi, ukikanyaga ghafla, linaweza kugeuka ubavu.

Kasoro ya kiwandani na barua isiyofika

Si kila tatizo ni la dereva au fundi. Mwezi Juni 2022, kampuni ya Mercedes-Benz ilitangaza kuyaita gereji magari 993,407 duniani kote, ya aina za ML, GL na R, yaliyotengenezwa kati ya 2004 na 2015. Kutu ilikuwa inaweza kula busta ya breki ikiwa imejificha chini ya mpira unaoizunguka. Pedali ingekuwa ngumu, na katika hali mbaya zaidi, kukanyaga kwa nguvu kungeweza kukata kiungo kati ya pedali na mfumo wa breki. Nchini Marekani, wenye magari zaidi ya 290,000 waliambiwa wasiyaendeshe kabisa mpaka yakaguliwe. Miaka minane kabla, mwaka 2014, Chrysler iliita magari yapatayo 868,000 ya Jeep Grand Cherokee na Dodge Durango, matoleo ya 2011 hadi 2014, kwa sababu maji yangeweza kuingia kwenye busta kupitia sehemu iliyoliwa na kutu.

Habari hizi zinatuhusu kwa sababu magari tunayonunua huku, kwa sehemu kubwa, yametumika kwanza nje: Japani, Uingereza na kwingineko. Kampuni inapogundua kasoro, humwandikia mmiliki inayemfahamu katika nchi ile, na matengenezo ni bure. Gari likishapanda meli, barua hailifuati. Mwalimu aliyelinunua kwa mkopo hana habari kwamba kuna kasoro iliyotangazwa.

Kwa mwenye simu yenye intaneti kuna njia ya kujaribu. Chukua namba ya chasisi iliyo kwenye kadi ya gari. Magari yaliyouzwa kwanza Japani huwa na namba fupi yenye kistari katikati, na hutafutwa kwenye tovuti ya Kijapani ya kampuni husika; simu inaweza kukutafsiria. Tovuti ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inapokea namba ya tarakimu na herufi 17 na inahusu magari yaliyouzwa nchini humo. Ukikuta gari lako limetajwa, muulize wakala wa kampuni hiyo aliyepo nchini. Hapa Tanzania, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye jukumu la kumlinda mlaji.

Nani alijua?

Turudi kwenye yale maneno matatu. Magari mengi ya abiria vijijini si ya dereva. Yana bosi, na bosi anasubiri hesabu kila jioni. Mazungumzo yake yanajulikana: "Bosi, breki zinashuka." "Nenda nalo leo hivyo hivyo, Jumamosi tutalipeleka gereji." Dereva akikataa, yupo kijana mwingine kijiweni anayesubiri funguo. Akikubali na gari likianguka, atakayeshikiliwa kituoni ni yeye.

Ndiyo maana tunasema "gari limefeli breki" ni maelezo yanayomfaa kila mtu isipokuwa abiria. Bosi hatajwi. Fundi aliyekunja bomba hatajwi. Muuza spea bandia hatajwi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kuwa barabarani, lakini ukaguzi wa dakika mbili kando ya barabara hauwezi kuona mafuta yaliyonyonya maji. Anayeweza kuona ni yule anayelikanyaga kila siku. Basi neno lake lisikike. Dereva, mwandikie bosi wako ujumbe wa simu unapoona tatizo, na uutunze. Bosi, ukiupata ujumbe huo, hesabu ya siku moja haiwezi kulinganishwa na unachoweza kulipa baadaye.

Dakika mbili kabla ya kuondoka

Fungua boneti, tazama kikopo cha mafuta ya breki. Yawe kati ya alama ya MIN na MAX. Yakiwa meusi, yamechakaa. Yakipungua haraka, tafuta yanakoenda kabla ya kujazia.

Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Ishikilie kwa mguu, washa injini. Pedali ikishuka kidogo, busta inafanya kazi. Isiposhuka, nenda kwa fundi. (Magari yenye pampu ya umeme hayafuati jaribio hili, kwa hayo zingatia taa na mlio.) Kisha endelea kushikilia kwa nusu dakika. Ikizama taratibu, kuna kinachovuja.

Ukifika juu ya mlima, ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka na uache injini ikushikilie. Kwa gari la otomatiki tumia L au 2. Usiteremke ukiwa umetoa gia ili kuokoa mafuta.

Zikishapotea njiani

Usizime injini, maana usukani utakuwa mzito. Pedali ikizama, pampu haraka. Ikiwa ngumu, kanyaga kwa miguu miwili bila kuachia. Shusha gia moja moja. Vuta breki ya mkono taratibu huku kitufe chake kikiwa kimebonyezwa, na uilegeze kidogo magurudumu yakianza kuteleza. Washa taa za tahadhari, piga honi, kisha tafuta mwinuko, mchanga au vichaka. Kusugua ubavu wa gari kwenye kingo ya mlima ni hasara ya rangi tu.

Wewe abiria nawe una nafasi yako. Ukimwona dereva anapampu pedali kila kona, ukisikia mlio wa mfululizo, au ukinusa harufu ya kuungua mteremkoni, mwombe asimame. Akikataa, shuka kituo kinachofuata na piga simu polisi, 112. Nauli iliyobaki si kitu.

Na siku nyingine tukiambiwa gari limefeli breki, tusikubali habari iishie hapo. Tuulize zilianza lini, na nani aliambiwa.