Kusimamisha damu haitoshi, mgonjwa lazima aweze pia kula

Mtu anayetapika damu kwa sababu mishipa ya umio imepasuka hana muda wa kungoja. Hapa Kongo, hepatiti B, pombe na bilhazia ni kati ya vyanzo vya ugonjwa huo: ini linaharibika, damu inakosa njia, na mishipa ya umio inavimba hadi kupasuka. Damu ikisimama, jamaa wanamshukuru Mungu na kumrudisha mgonjwa nyumbani. Lakini kuna wanaorudi hospitali baada ya wiki kadhaa: bugali inakataa kushuka.

Mara nyingi chanzo ni sindano iliyowaokoa. Njia hiyo ilitangazwa Sweden mwaka 1939. Muganga anadunga dawa ya kukausha mshipa, lakini dawa hiyo huchoma pia nyama ya umio. Vidonda vikipona vinaacha makovu, njia inakuwa nyembamba, na misuli inayosukuma chakula inapoteza nguvu.

Njia ya pili ni pete ndogo za mpira, ambazo Greg Stiegmann na wenzake walizianzisha Denver, Marekani, katika miaka ya 1980. Mshipa unafungwa, unanyauka na kuanguka. Kidonda kinachobaki hakiendi ndani sana, na umio huendelea na kazi yake karibu kama kawaida. Katika utafiti wao wa mwaka 1992, uliofuata wagonjwa 129, madhara ya matibabu yaliwapata asilimia 22 ya waliodungwa sindano na asilimia 2 tu ya waliofungwa pete. Waliokufa walikuwa asilimia 45 kwa 28.

Ni kweli, pete zina bei, na pahali zinapokosekana sindano inaokoa maisha. Hakuna wa kumlaumu muganga anayetumia alichonacho. Lakini mgonjwa ambaye umio wake umezibana analipa tena na tena ili upanuliwe, na kila siku anazidi kukonda. Hiyo si nafuu.

Basi, wakubwa wanaonunua mashine ya endoskopi waweke pete katika bajeti ileile. Na kila mgonjwa anaporudi kupimwa, asiulizwe tu kama damu imesimama. Aulizwe pia: unameza vizuri?