Ulinunua nyumba, hukununua takataka za mwenyewe

Ukinunua nyumba ya milioni nane halafu ukabidhiwe na mafuta ya miaka kumi kwenye ukuta wa jikoni, godoro lililooza nyuma ya tangi na shimo la choo limejaa hadi kwa kifuniko, usiniambie umepata bei poa. Umenunua nyumba na ukaajiriwa kazi ya kuzoa taka za aliyekuuzia, na mshahara unatoka mfukoni mwako.

Najua kuna msee hapo anasema, "Mimi niko bedsita Roysambu, nyumba nitanunua na nini?" Tulia. Mathe wako, ama anti yako, ama ile chama yao, siku moja watanunua. Na Jumamosi ya kuhamia, nani ataitwa na ndoo na fagio? Si wakili, na si broka. Ni wewe.

Halafu angalia vile sisi wapangaji tunafanyiwa. Ukihama keja ya elfu kumi, msimamizi wa ploti anaingia na tochi kama polisi. Anahesabu mashimo ya misumari. Anapitisha kidole juu ya mlango kutafuta vumbi. Rangi, kufuli, sinki, hata balbu, yote yanakatwa kwa dipoziti, na hakuna mtu anamwambia landilodi, "Wacha tu, hayo ni mambo madogo." Lakini mtu akiuza nyumba ya mamilioni na kuacha lori tatu za taka, ghafla ni mambo madogo. Anashikwa mkono, anapigwa picha akipeana funguo, watu wanaomba na kunywa soda. Tundu la msumari linalipiwa, godoro lililooza linasamehewa. Kwani hii adabu inafuata pesa?

Nitawaambia yenye nilishika kwa mikono yangu. Mwaka juzi anti yangu alinunua nyumba ya ghorofa moja upande wa Kitengela. Mwenyewe alikuwa bado anaishi ndani. Tulienda kuiona mara mbili, Januari, jua kali, ua umekauka na kufagiliwa. Ndani kuna masofa makubwa, zulia kutoka ukuta hadi ukuta, pazia nzito. Mzee anatukaribisha chai. Sasa wewe, na malezi yenye umepewa, utamwambia mzee wa watu asogeze kabati uone nyuma yake? Anti aliona aibu. Wakili naye hakuwahi kufika, yeye alikuwa anashughulika na karatasi.

Funguo zilikuja Aprili. Masofa yameenda, na nyuma yao ukuta ni mweusi kwa unyevu. Zulia limeenda, vigae sita vimepasuka. Makabati ya jikoni, ukifungua mlango, mende wanatawanyika kama matatu zimeona polisi. Chumba kimoja kilikuwa na kunguni kwenye mianya ya mbao. Nje ndio ilikuwa balaa. Kumbe kile kichaka kizuri cha Januari kilikuwa kinaficha mawe na simenti ya chumba cha nje kilichobomolewa, tangi mbili zilizopasuka na nusu ya Datsun. Mvua ilikuwa imenyesha, na ule udongo mweusi wa Kitengela, wenye unashika kiatu ukibaki na soksi, haunywi maji haraka. Ua mzima ulikuwa dimbwi. Na harufu ilituonyesha choo kiko wapi kabla hatujaonyeshwa.

Siku tano. Mimi na binamu zangu wawili. Lori tatu, gari la kunyonya majitaka mara mbili, na dawa ya kunguni mara mbili pia, kwa sababu ukipuliza mara moja mayai yanabaki, na baada ya wiki chache uko na kizazi kipya. Hesabu ilipita elfu themanini, bila jasho letu, ambalo lililipwa na chapati.

Anti alipopiga simu, jibu la mzee lilikuwa, "Nilikuuzia kama ulivyoona." Broka yeye akacheka: "Mama, hiyo si ni kazi ya vijana tu, siku moja wamemaliza." Na anti, mwenye ametoa mamilioni, ndiye akasema tuwache, asije mzee akasema vibaya juu ya nyumba yetu.

Hiyo "kama ulivyoona" ndiyo nataka tuivunje leo. Aliona nini? Aliona masofa. Mtu akiweka kitu juu ya uchafu halafu akuite uangalie, amekuonyesha kile kitu. Uchafu hujauona.

Na hii si kesi ya mzee mmoja mkorofi. Ni vile biashara yenyewe imepangwa. Kununua nyumba hapa Kenya, wakili wako atafanya utafiti kwa sajili ya ardhi, atataka cheti kuonyesha hakuna deni la ada za kaunti, utalipa ushuru wa stempu asilimia 4 ya thamani kama ni mjini, na kwa nyumba ya milioni nane hiyo ni 320,000. Karatasi ya deni la kaunti inaweza kutafutwa wiki nzima. Karatasi ya kusema choo kimenyonywa na ua hauna mawe, hakuna mtu ameiuliza. Si ati haiwezekani. Ni vile wale wanaoandika mkataba si wale wanaoshika fagio.

Sasa sikia mahali nguvu yako iko, kwa sababu iko, na ina tarehe. Kawaida unalipa asilimia 10 mkiweka sahihi, halafu salio linakuja mwisho, mara nyingi ndani ya siku 90. Kabla ya sahihi, mwenye nyumba anakutaka. Baada ya sahihi na kabla ya salio, bado anakuhitaji. Ukishalipa salio, wewe ni namba ya simu yenye haishikwi. Kwa hivyo uchafu unaongelewa mapema, ile siku ya chai, bila kungoja siku ya funguo.

Na unaandikwa. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inasema kesi ya mkataba wa kuuza ardhi haisimami kama mkataba wenyewe hauko kwa maandishi, umetiwa sahihi na wote na ukashuhudiwa. Kama nyumba yenyewe haiuzwi kwa mdomo, kwa nini ukubali "usijali, nitasafisha kabla niende" kwa mdomo? Mikataba mingi tayari inasema nyumba itakabidhiwa ikiwa tupu. Poa, lakini tupu bila watu, ama tupu bila watu na bila Datsun? Usiache neno moja libebe mzigo huo. Andika: taka zote na mabaki ya ujenzi yameondolewa uani, shimo la majitaka limenyonywa na risiti ipo, makabati na vyoo vimesafishwa, dawa ya wadudu imepulizwa. Kisha andika kwamba mnunuzi atakagua siku tatu kabla ya kulipa salio. Hiyo ni aya moja. Wakili anayekulipisha maelfu anaweza kuandika aya moja.

Kama mwenyewe hataki kusafisha, sawa, pengine ni mzee, ameshahamia ushago, hana nguvu. Simlazimishi mtu ashike jembe. Basi tuongee pesa. Ita mwenye lori aone ua, akupe bei. Ita wa majitaka, ita wa dawa. Jumlisha, weka mezani, punguza kwa bei ya nyumba. Ama pesa hiyo ibaki kwa wakili, isiguswe na yeyote hadi ua uwe safi. Mtu akikuuzia nyumba chafu kwa bei ya nyumba chafu, sina shida naye kabisa, huo ni uungwana. Shida yangu ni nyumba chafu kwa bei ya nyumba safi, halafu tofauti inalipwa na mgongo wa kijana wa miaka 19.

Kuna uchafu mwingine hata si wa kufagia. Nyumba za zamani Nairobi ziko na mabati ya asbesto, na mara nyingi utapata vipande vilivyovunjika vimerundikwa nyuma ya nyumba. Hiyo ni taka hatari kisheria. Huwezi kuipakia kwa mkokoteni na kuimwaga dampo. Inahitaji mtu mwenye leseni ya NEMA, na vumbi lake likiingia kwa mapafu halitoki. Ukiona rundo kama hilo na ukanyamaza, umenunua bili kubwa na hatari juu yake. Na maji yaliyosimama, na shimo linalofurika, Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inayaita kero, na afisa wa kaunti akija anatafuta mwenye nyumba. Hatamfuata mzee ushago. Jina kwenye hati ni lako.

Wale wa apartimenti mpya msicheke. Vigae vimeganda simenti, madirisha yamerushiwa rangi, mabaki ya mjengo yako kwa maegesho na mnaambiwa "bado tunamalizia". Kwenu kawaida kuna kipindi cha kurekebisha kasoro, mara nyingi miezi sita, na kinaanza kuhesabu kutoka makabidhiano. Ukichukua funguo ukitabasamu bila orodha, unakula siku zako mwenyewe.

Jibu lenye huwa napata ni hili: ukisumbua sana utapoteza nyumba, kuna wanunuzi wamepanga foleni. Labda. Lakini hao wa foleni sijawahi kuwaona, nimewasikia tu kutoka kwa broka, na broka analipwa nyumba ikiuzwa, analipwa haraka ikiuzwa bila maswali. Na fikiria, mtu anaacha mnunuzi wa milioni nane aende kwa sababu ya lori tatu za mawe? Kama anakataa hiyo, mimi ningeanza kujiuliza ni nini kingine kiko chini ya zulia.

Jibu lingine ni la heshima. Ati kijana hafai kumuuliza mzee kuhusu choo chake. Mimi nalelewa na watu kama nyinyi, naelewa. Lakini ukiangalia vizuri, heshima hapa inapanda upande mmoja tu. Mzee hakuona aibu kumwachia mama mjane kunguni. Sisi ndio tunaona aibu ya kutaja kunguni. Sema kwa upole, sema "shikamoo" kwanza kama uko Pwani, leta hata mkate wa ile chai, lakini sema.

Kwa hivyo kama kuna mtu kwenu anaenda kuona nyumba mwezi huu, mwambie mambo haya machache. Aende mara moja wakati wa jua na mara moja baada ya mvua kubwa. Afungue kila bomba na kila kabati. Aulize choo kilinyonywa lini na aone kifuniko chake kwa macho. Azunguke nyuma ya nyumba peke yake, bila broka akimpigia hadithi. Na picha zipigwe siku hiyo hiyo, masofa yakiwa yamesogezwa. Kama anaogopa kumwambia mwenyewe asogeze sofa, aende na mimi. Nitaomba nikiwa nimeshashika upande mmoja.