Faili 140 na Neno Moja: Hakuna

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na sababu ni lahajedwali.

Mteja mmoja alinipa faili 140 za Excel kutoka kwa maafisa wa nyanjani huko Ukambani. Kila faili ni kijiji, kila safumlalo ni shamba: kilo za mbolea kwa ekari na magunia ya mahindi yaliyovunwa. Alitaka rigresheni ya kila kijiji: mbolea ikiongezeka kilo moja, mavuno yanapanda kiasi gani? Jibu lingesaidia kuamua ni vijiji gani vikopeshwe mbolea.

Kufungua faili moja moja na kuandika LINEST mara 140 ni kazi ya punda. Nikaandika skripti fupi ya Python: glob inakusanya majina ya faili, pandas inazisoma, statsmodels inakokotoa mstari, na matokeo yote yanaingia kwenye jedwali moja. Dakika moja haikuisha. Nikajiona fundi kweli kweli.

Kumbe! Katika safu ya mavuno, baadhi ya visanduku vilikuwa na maneno badala ya nambari. Mimi nilikuwa nimeiamuru pandas igeuze kila neno kuwa nafasi tupu, kisha dropna ifagie. Wengi wetu hufanya hivyo bila kufikiri. Ni kwa bahati tu nilipohesabu nikaona kijiji chenye mashamba 38 kimebaki na 21. Nikafungua faili. "Hakuna", "hakuna", mara 17. Nikampigia afisa simu.

"Mzee, hii hakuna ni nini?"

"Kijana, hakuna ni hakuna. Mvua ilikatika, mahindi yakakauka."

Yaani watu waliotia mbolea wakavuna sifuri ndio programu yangu iliwafukuza kijijini! Nilipowarudisha, mteremko uliokuwa unapendeza ulilala karibu bapa. Wakulima wangeingizwa kwenye deni kwa hesabu ya waliobahatika peke yao.

Basi nikadhani dawa ni kugeuza kila "hakuna" kuwa sifuri. Afisa wa kijiji kingine akanikosoa: kwake neno hilo lilimaanisha hakufika shambani. Neno moja, maana mbili, na hakuna msimbo utakaozitenganisha.

Wapo watakaosema turudi kufanya kwa mkono. Sikubali. Mkono nao hukosea. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba makala mashuhuri ya Reinhart na Rogoff ya 2010 kuhusu madeni ya serikali yaliacha nchi 5 nje ya wastani kwa sababu fomula ya Excel haikufika safumlalo za mwisho. Kosa la skripti angalau limeandikwa mahali pamoja, na ukilirekebisha limerekebishika kwa faili zote.

Ninachosema ni hiki: punda abebe mzigo, lakini asichague njia. Programu yangu sasa inachapisha, kwa kila faili, safumlalo ngapi zimeingia na ngapi zimetoka. Ikikuta neno isilolijua, inasimama na kuuliza. Tena inachora grafu ya kila kijiji, nami nazitazama zote. Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitunga seti 4 za data, kila moja nukta 11, zote zikitoa karibu mstari ule ule, y = 3 + 0.5x. Ukizichora, moja ni mkunjo, nyingine imevutwa na nukta moja tu. Jedwali la matokeo halitakuambia hilo.

Kutazama grafu 140 kulinichukua muda usiofika saa moja. Kumwondoa mkulima kwenye hesabu kulichukua neno moja la msimbo. Kabla hujaandika dropna, jiulize unamfagia nani.

Haya, kazi njema.