Ngalawa Yako na Kopo Moja la Rangi

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii twawafundisha watoto wetu tukiwaonyesha nyumba. Lakini mwenye ngalawa hana ukuta wa kujenga. Asipoziba ufa wake, bahari humwingilia.

Ndugu msomaji, wapo wafanyakazi wengi wa miji yetu ya pwani ambao mshahara wao husaidiwa na chombo kidogo kilichoko Kunduchi, Mjimwema au kijijini kwao. Mwenyewe hushinda kazini, nacho chombo huendeshwa na ndugu au kijana wa nyumbani. Kila mwaka huja siku ambapo chombo kinataka rangi, na siku hiyo aghalabu huangukia wakati ule ule ambapo watoto wanataka sare na madaftari. Safu yetu leo yakusudia kueleza jinsi familia iwezavyo kuifanya kazi hiyo yenyewe, uani, kwa gharama ndogo na bila kujidanganya.

Nasema bila kujidanganya kwa sababu mimi nimekwisha kujidanganya. Mwaka 2009 mimi na shemeji yangu tuliivuta ngalawa yetu Ijumaa, na Jumapili jioni ilikuwa inang'aa hata majirani wakaja kuitazama. Haikutimia miezi miwili rangi ikafura malengelenge na kubanduka vipande vipande. Chini yake, karibu na omo, palikuwa na ufa ambao tuliufunika tu kwa rangi. Siku moja kijana wetu alirejea usiku, mkono mmoja umeshika usukani na mwingine ukikumba maji kwa upo. Shemeji aliipapasa ile rangi, akaniambia, "Shemeji, tulichokipaka rangi ni chumvi, si mti."

Maneno yake ndiyo somo la kwanza. Mti uliokaa baharini umejaa chumvi, nayo chumvi huvuta unyevu wa hewa. Rangi ikipakwa juu yake, unyevu huo husukuma kutoka ndani na kuifurisha. Kwa hiyo, chagua majira: Machi hadi Mei, wakati wa masika, si wakati wa rangi. Kivute chombo wakati wa bamvua, maji yanapofika juu kabisa ya ufuko, ili nguvu za watu zisipotee bure. Kwangua magamba na majani ya bahari siku hiyo hiyo yangali na maji, kwani yakikauka huwa magumu kama mawe. Kisha osha kwa maji baridi ya kisima au bomba, si mara moja bali mara tatu, ukisugua kwa makumbi ya nazi. Makumbi hayana bei, na hufanya kazi sawa na brashi ya dukani.

Baada ya hapo subiri. Weka chombo kivulini au kifunike kwa makuti, maana jua kali hupasua gogo. Wiki moja ni kidogo. Wiki mbili ni afadhali. Ukitaka kujua kama mti umekauka, tandika kipande cha nailoni juu yake, kikandamize kingo kwa mawe, ukiache juani kwa saa chache. Ukikuta matone upande wa chini, rangi ingoje.

Mti ukisha kukauka, nyufa hujitokeza zenyewe. Chukua kisu, dunga dunga kila mahali penye mashaka. Kisu kikizama kama katika muhogo uliopikwa, hapo pana uozo. Usinunue rangi bado, fedha hiyo mpe fundi. Ufa mdogo waweza kuutia kalafati wewe mwenyewe kwa pamba iliyolowekwa mafuta, ukiisindika taratibu kwa patasi butu. Usigonge kwa nguvu, kwani pamba iliyoshindiliwa mno huwa kabari, nayo hupanua ufa uliokusudia kuuziba. Futa mafuta yote yaliyochuruzika kando, kisha funika kwa puti. Hali kadhalika, ikumbukwe kwamba rangi haishiki juu ya mti uliopakwa sifa karibuni. Mwenye kutumia sifa na aendelee na sifa; kuchanganya mambo hayo mawili ni kutupa fedha.

Sasa tufanye hesabu kabla ya kwenda dukani. Chukua kamba, pima urefu wa chombo. Kisha pima mzunguko wa nje pale penye upana zaidi, kutoka ukingo mmoja, kupitia chini, hadi ukingo wa pili. Zidisha, halafu chukua robo tatu ya jibu, kwa kuwa chombo huchongoka pande mbili. Mathalani, ngalawa ya mita 6 yenye mzunguko wa mita 2 hutoa 12; robo tatu yake ni mita 9 za mraba. Lita moja ya rangi ya mafuta hutosha takriban mita 10 za mraba juu ya mti laini, ingawa mkono wa kwanza hunywa zaidi. Mikono mitatu basi itakula lita tatu na ushei. Kopo moja la lita 4 latosha, na hakuna haja ya kununua mawili.

Rangi ya maji ipakwayo ukutani usiitumie, japo ni rahisi. Haikuumbiwa kulala baharini. Mkono wa kwanza zimua kidogo kwa tapentaini ili upenye katika mti, na kuzidishe pale mbao zilipokatwa ncha, kwani hapo ndipo maji hupenda kuingia. Anza asubuhi umande ukisha kukauka, kivulini, na acha kazi kabla ya jioni. Kila mkono ukauke kabisa na upitishwe msasa kabla ya mwingine.

Ama kuhusu rangi za kuzuia magamba, ambazo ni ghali kuliko zote, jiulize kwanza kama wazihitaji. Chombo kinachovutwa nchi kavu kila siku hakipati nafasi ya kuota kitu. Kwa chombo kinacholala majini, wazee wa pwani walipaka chokaa iliyochanganywa na shahamu, wakairudia mara kwa mara.

Hapa pana onyo. Utakuja kuuziwa kwa bei ya chini kopo kuukuu lisilo na maandishi, ukaambiwa ni rangi ya meli. Likatae. Rangi za zamani za meli ziliweza kuwa na sumu ya tributiltini, ambayo iliharibu chaza wa Ufaransa hata nchi hiyo ikaizuia kwa vyombo vidogo mwaka 1982. Mkataba wa kimataifa wa kuikomesha ulipitishwa mwaka 2001, ukaanza kutumika mwaka 2008. Nyingine zilikuwa na risasi, na Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kwa ajili hiyo, rangi ya zamani usiisugue kikavu. Lowesha msasa, funga kitambaa puani, kusanya ungaunga wote, na watoto wacheze mbali siku hiyo. Kazi yao nzuri ni kuosha, kupima kamba na kufanya ile hesabu. Hakuna somo la kuzidisha litakalowakaa zaidi.

Kwa kifupi, fedha ikiwa haba, itumie kwa mpangilio huu: kwanza ufa, pili msasa, tatu rangi. Uzuri na uje mwisho. Maji na muda, ambavyo ndivyo hushinda rangi mbaya, gharama yake ni uvumilivu tu.

Sisi tuliirudia kazi yetu mwaka uliofuata, ikatuchukua wiki tatu. Ngalawa haikung'aa kama mara ya kwanza, maana brashi ilikuwa kuukuu na mistari yake ilionekana. Lakini siku kijana aliporejea kutoka baharini, nilichungulia ndani kabla ya kutazama samaki. Upo ulikuwa mkavu.