Kuona Jicho Si Kumwona Mtu



Wako wanaotangaza kwamba kompyuta itatuondolea upofu. Jicho la mgonjwa wa sukari hupigwa picha, mashine huisoma, na papo hapo hutamka kama mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho imeharibika. Hayo ni kweli. Mwaka 2018 Marekani iliruhusu mashine ya kwanza kutoa jibu hilo pasipo mganga kuisoma picha. Akili ni zawadi ya Mungu. Anayeiita mashine hiyo kazi ya shetani anakosea.

Lakini anayeiita mkombozi anakosea zaidi.

Tazameni yaliyotukia Thailand mwaka 2018 na 2019, watafiti wa Google walipojaribu mashine yao katika vituo vya afya 11. Katika miezi sita ya kwanza ilipewa picha 1838. Asilimia 21 ilizikataa. Vyumba vingi havikuwa na giza la kutosha kwa picha safi, na intaneti ilikuwa ya polepole. Ambaye picha yake ilikataliwa alitakiwa kwenda kwa mganga mahali pengine, siku nyingine. Wauguzi wengine wakawashauri wagonjwa wasishiriki, wasije wakapata taabu ya safari bure.

Je, Bwana wetu alitendaje kule Bethsaida? Yule kipofu, baada ya kuguswa mara ya kwanza, aliona watu kama miti. Yesu hakumfukuza kwa kuwa hakuona vema. Alikuwa amekwisha kumshika mkono na kumwongoza. Akamwekea mikono mara ya pili.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Mashine ikimwambia mama wa kijiji kisicho na umeme wala barabara, “Nenda hospitali kubwa,” ni nani atakayemlipia nauli? Ni nani atakayemtibu akifika? Jibu lisilo na njia ya matibabu ni hukumu tu.

Basi, tusipokee mashine yoyote kabla ya kuuliza: wauguzi wamefundishwa? Matibabu yako wapi? Nasi katika jumuiya zetu, tunawajua wagonjwa wetu wa sukari? Anayengojea kompyuta ndipo amwone jirani yake, huyo ndiye kipofu.